Mkwe Aliyejifungia Bafuni

Mbuvi alikuwa amesimama juu ya stuli, nyundo mkononi na misumari mdomoni, Wavinya alipomwambia kwamba kesho anachumbiwa na mtu mwingine.

Mwanamume hawezi kumjibu mwanamke akiwa na misumari mdomoni. Akiongea inaanguka, akimeza anakufa. Kwa hiyo Mbuvi alibaki vile vile, mkono mmoja umemshikilia mamba wa mti aliyekuwa anatafutiwa mahali ukutani, macho yakimshukia Wavinya polepole. Wavinya aliyaona macho hayo na akatamani yasingekuwa mazuri hivyo.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Nimetaka kukuambia tangu uliporudi."

"Mmh?"

"Ni Kyule. Yule mwenye duka la dawa za mifugo Matinyani. Shemasi wa kanisa letu. Watu wake wanaleta mbuzi wa ntheo kesho baada ya ibada."

Mbuvi alifumba macho. Yeye ni Mkamba wa Kalamba, upande wa Makueni, hakuhitaji kufafanuliwa. Mbuzi wa ntheo si mbuzi wa supu. Wakishaletwa, wazee wa pande mbili wakachinja na kula pamoja, msichana amekuwa mke wa watu, hata kama wakati nyama inaiva yeye alikuwa nyuma ya nyumba analia.

"Na wewe umekubali?" Alisema hivyo, ila kwa sababu ya misumari ilisikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa.

"Mimi sijaulizwa nikubali. Nimeambiwa nishone kitambaa cha meza."

Walikuwa nyumbani kwa Mbuvi. Kilikuwa chumba kimoja tu, ghorofa ya pili, nyuma ya soko la Kalundu mjini Kitui. Mwenye nyumba alikiita apatimenti ili kodi ipande, lakini kilikuwa chumba: kitanda nyuma ya pazia, jiko la gesi kwenye kona, sofa moja ya watu wawili wanaopendana, na mlango mwembamba wa bafu ambalo ndilo hilo hilo choo. Dirisha moja lenye grili lilitazama ukuta wa nyumba ya jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kumwazima jirani chumvi bila kutoka nje, kama angekuwepo. Jirani mwenyewe alikuwa amefunga nyumba na kwenda mazishini Kasikeu.

Mbuvi alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Siku nyingi alilala barabarani, na nyumba aliiacha mikononi mwa Wavinya, fundi wa cherehani aliyekuwa amemshonea pazia hilo la kitanda. Pazia lilikwisha, lakini kila akirudi alipata kitu kingine cha kupimwa. Mwishowe hakukubaki kitu cha kupimwa humo ndani isipokuwa wao wawili, na hilo waliliogopa, maana wote ni watu wa kanisa. Mbuvi akamwachia ufunguo, ili aje kupamba yeye akiwa safarini. Kila safari alirudi na kitu, akakiweka sakafuni kama paka anayeleta panya, akasema, "Kipatie kiti."

Na Wavinya alivipatia viti. Alikuwa amegundua, bila kufundishwa na mtu, kwamba chumba kidogo hakitaki mapambo kila mahali. Kinataka ukuta mmoja uongee, hizo kuta nyingine zisikilize. Kwa hiyo vikapu vya Kigali vyote vilikaa pamoja juu ya sofa, vikubwa chini na vidogo juu, kama watoto wa shule wanaopigwa picha. Nyuma ya televisheni alitandaza kitambaa cha gome la mti kutoka Masaka, kikaficha ufa. Pembe za ng'ombe wa Ankole alizifanya fimbo ya pazia la dirisha. Saa ya shaba yenye umbo la Afrika, ya kutoka Ndola kule Zambia, aliiacha na saa za huko huko, ili ajue Mbuvi anakula chakula cha mchana saa ngapi. Pale mlangoni kulikuwa na kinyago cha Bunia, mashavu yamebonyea, kikimkaribisha mgeni kwa uso wa mtu anayeumwa jino.

Wavinya mwenyewe hakuwahi kupita Machakos. Alisafiri kwa kupangusa vumbi. Asubuhi akifuta kikapu yuko Rwanda, akifuta birika la udongo la kahawa yuko Moyale, halafu anafunga mlango, anateremka kwenye cherehani yake, na jioni anarudi Matinyani kwa mama yake, kwenye kile chumba alichozaliwa, kitanda kile kile. Kaka zake wote walikuwa wameondoka. Yeye ndiye aliyebaki, na hakukumbuka siku alipoamua kubaki.

"Shuka," akamwambia Mbuvi. "Shuka utoe hiyo misumari mdomoni, tuongee kama watu."

Mbuvi alianza kushuka. Mguu mmoja ulikuwa hewani sauti ilipopanda kutoka kwenye ngazi.

"Hodi! Hodi hapa kwa msafiri! Wavinya! Najua uko ndani, kandambili zako nazijua!"

"Ngai," akasema Wavinya. "Ni Mwaitu, mama yangu."

Sasa, kwa wale ambao hawakulelewa kwetu, nieleze kidogo. Ukambani kuna kitu kinaitwa nthoni, yaani ile haya kubwa iliyo kati ya mwanamume na mama mzazi wa mke wake. Hawakutani uso kwa uso. Hawashikani mikono. Mama mkwe akija kwa njia hii, mkwe anapita ile. Nimesikia habari za mzee mmoja aliyekaa juu ya mti tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa chini anachuma kunde na hakuwa na haraka. Vijana wa leo wanalegeza, wengine hata wanapiga picha pamoja. Lakini Mbuvi alilelewa na bibi yake Kalamba, na bibi huyo hakulegeza kitu.

Hakufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri. Alimtupia Wavinya yule mamba, akaruka kutoka kwenye stuli, akaingia bafuni na nyundo yake na misumari yake, akafunga komeo. Kwenye bafu lile mtu mnene hawezi kugeuka. Mbuvi hakuwa mnene, ila alikuwa mrefu, ikabidi ainamishe kichwa chini ya bomba la maji ya kuoga kama mtu anayeombewa.

Wavinya alifungua mlango mamba akiwa kifuani.

Mama Kalekye aliingia pole pole, bega lake la kushoto limelemewa na kiondo cha ndengu. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, leso kiunoni na macho yaliyofagia chumba kabla miguu haijafika.

"Kumbe hapa ndipo cherehani imehamia," akasema.

"Mwaitu, karibu. Umetoka wapi?"

"Kwenye kikao cha akina mama. Tumekunywa chai mpaka tumekuwa mito. Nikasema nipite nimwone binti yangu anavyoshona. Yule Kanini mnayeshona naye akaniambia uko kwa mteja. Nikamwuliza, mteja gani? Akaangalia chini. Mimi mtu akiangalia chini, napanda juu. Nimepanda." Akakaa kwenye sofa na kuweka kiondo magotini. "Mteja yuko wapi?"

"Yuko safari."

"Safari gani?"

"Lusaka."

"Na hiyo stuli katikati ya nyumba, ni ya nani?"

"Yangu. Nilikuwa napamba."

"Mmh." Mama Kalekye aliangalia mamba, akaangalia stuli, akaangalia binti yake. "Nipe chai."

"Si umesema umekunywa?"

"Ya kanisa haikuwa na tangawizi."

Wavinya aliwasha gesi. Mgongo wake ulikuwa umeelekea bafuni, na aliuhisi ule mlango kama mtu anavyohisi moto nyuma yake. Hatua moja kushoto ni mama. Hatua moja nyuma ni Mbuvi. Mbele ni dirisha lenye grili na ukuta wa jirani. Hakuwahi kukiona chumba kile kikiwa kidogo namna hiyo. Vile vitu vyote vya mbali, vilivyokuwa vikimfungulia ukuta, vilikuwa vimegeuka na kumwangalia tu.

"Na huyu ni nani?" mama akauliza.

"Ni kinyago. Cha Bunia."

"Ameokoka?"

"Mwaitu!"

"Nauliza tu. Amesimama mlangoni kama mtu wa kupokea sadaka." Alipokea chai, akapuliza, akanywa. "Hivi vikapu, nani alisuka?"

"Akina mama wa Kigali."

"Wanawake. Na hilo birika, nani aliuza?"

"Mama mmoja wa Moyale."

"Mwanamke. Na hiyo nguo ya magome?"

"Mwaitu, najua unaenda wapi."

"Mimi siendi mahali, mimi nimekaa. Ni huyo dereva wako anayeenda. Kila ukuta hapa una mwanamke. Wewe unapangusa wanawake wa watu vumbi, kesho Kyule anakuja na mbuzi, na kitambaa cha meza hujamaliza."

"Nimemaliza."

"Basi kwa nini uko hapa?"

Wavinya akashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni mamba. "Unajua huyu alitoka wapi?" akauliza haraka. "Alichongwa na mzee mmoja wa Nimule, kule mpakani na Sudan Kusini. Aliyaona kwa macho yake."

"Aliona nini?"

"Mbuvi alikuwa amesimamisha lori kando ya mto, daraja limefungwa. Akalaza gurudumu la akiba chini ili alale juu yake. Usiku mamba akapanda kutoka mtoni, akauma lile gurudumu."

"Akauma mpira?"

"Akauma mpira! Na meno yakakwama. Upepo wote wa gurudumu ukamwingia tumboni. Akafura, akafura, mpaka miguu ikaacha ardhi. Ukaja upepo ukamsukuma, akaelea juu ya mto kama puto mpaka ng'ambo. Askari wa upande ule wakamwuliza karatasi."

Mama Kalekye alikuwa amesahau kikombe hewani. Hakuna mtu Matinyani asiyejua kwamba mama huyu, kwa habari kama hizo, angeweza kuacha maharagwe yaungue. "Aliuma mpira," akarudia kwa sauti ndogo. "Alikuwa mkubwa namna gani?"

"Kama hii sofa."

Bafuni mtu alikohoa.

Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilikuwa kikohozi cha dereva aliyeambiwa kwamba mamba wake alikuwa kama sofa, ilhali kila mahali alipoisimulia hadithi hiyo, kutoka Mlolongo hadi Lubumbashi, mamba huyo alikuwa kama trela.

Mama Kalekye aliweka kikombe mezani. "Ni nini hiyo?"

"Bomba. Maji yanarudi."

"Bomba lina kifua?"

Wavinya alikaa chini kwenye stuli. Hakukuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Wewe uliye bafuni!" mama akaita, bila kuinuka. "Habari ya Lusaka?"

Ikasikika ting, halafu ting nyingine, misumari ikiwekwa mmoja mmoja kwenye sinki. Kisha sauti ya Mbuvi, nzito, ya adabu: "Wavinya, mwambie mama habari ni nzuri."

"Mwambie aniambie mwenyewe," akasema Mama Kalekye.

"Mwambie mama siwezi kuongea naye hivyo. Kuna nthoni."

"Nthoni!" Mama alipiga goti lake kofi. "Nthoni ya nani na nani? Mbuzi wako mimi nimewaona lini? Wazee wako nimewapikia lini? Nthoni ni ya mkwe. Wewe mimi si mkwe wangu. Wewe kwangu ni kijana tu, kama wale wanaouza maji pale stendi. Kwa hiyo toka, mwanangu. Toka unipe mkono vizuri, tusalimiane kama watu, halafu kila mmoja aende zake."

Alisema kwa upole kabisa, na ni ule upole uliomshtua Wavinya. Alimwangalia mama yake, akaona mtego ulipo. Mbuvi akitoka, akimpa mama ule mkono, amekubali kwamba si mkwe, na hatakuwa. Hutashika leo mkono ambao kesho utaukimbia. Asipotoka, ni mwanamume mzima aliyejificha chooni, na habari hiyo itafika kanisani kabla ya ibada.

*Usitoke*, akaomba moyoni, akiukazia macho ule mlango mwembamba. *Mbuvi, hata kama utaoza humo, usitoke.*

Komeo likalia kidogo. Mkono ulikuwa umelishika.

Halafu mkono ukaliachia.

"Mwambie mama," Mbuvi akasema, "mwambie anisamehe sana. Akiniita mwizi nitakubali. Akiniita mwoga nitakubali. Lakini mkono sitampa. Nikimpa mkono leo, wewe nimekupoteza."

Wavinya aliinama akaweka uso juu ya mgongo wa mamba wa mti. Saa ya shaba ikaendelea kuhesabu mchana wa watu wengine.

Mama Kalekye alipoongea tena hakuwa anatania.

"Wavinya. Baba yako alipokwenda Mombasa ulikuwa unatambaa. Alikuwa mtu mzuri, usifikiri alikuwa mbaya. Alituma redio. Ikafika. Akatuma blanketi la maua, likafika. Akatuma lile kombe kubwa la baharini mlilokuwa mnaweka sikioni. Watu walikuja kuangalia nyumba yangu, wakasema Kalekye ana bahati. Vitu vilikuja mpaka nikakosa pa kuviweka." Alizungusha macho kwenye ukuta, kikapu kwa kikapu. "Vitu vilifika vyote. Yeye hakufika. Nikiingia nyumba kama hii sioni urembo. Naona ile nyumba yangu."

"Ndio maana unataka Kyule," Wavinya akasema polepole.

"Kyule hajui barabara ya kwenda mahali. Akienda mbali sana ni kwenye josho la ng'ombe. Jioni utamwona tu, utake usitake."

"Na mimi? Mwaitu, mimi nimekaa. Kaka zangu wameenda, mimi nimekaa. Umewahi kuniuliza kama nimekaa kwa kupenda?"

"Kwani nilikufunga kamba?"

"Hukunifunga. Uliniangalia tu. Kila nikishika begi, uliniangalia."

Leso ya mama ilikuwa imelegea kiunoni, akaikaza, ikalegea tena. Wavinya aliogopa kwamba amemwumiza, na akajua papo hapo kwamba hatayarudisha maneno yale. Yalikuwa yamekaa kifuani mwake miaka mingi mno.

"Wavinya." Ni Mbuvi. "Naweza kumwambia mama jambo?"

"Ameuliza kama anaweza kukuambia jambo."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi, na yeye hayuko Zambia."

"Mwambie mama kwamba hapo ukutani hakuna kitu nilichotuma. Sijawahi kutuma hata kijiko. Kila kitu nilikibeba mwenyewe kwenye lori nikarudi nacho. Vikapu vilikaa kitandani kwangu, mimi nikalala kwenye usukani. Hicho kinyago kilikaa kiti cha abiria kutoka Bunia, nimekifunga mkanda, mpaka polisi mmoja akakiambia pole kwa safari." Mama Kalekye aliuma mdomo kwa nguvu. "Kama angekuta hapo redio iliyokuja na mtu wa basi, aogope. Lakini hivyo ni safari zilizorudi. Zile ambazo sikurudi hazina kitu ukutani, kwa sababu hazipo. Mwambie tena nataka Wavinya akae kiti hicho cha kinyago. Shule zikifungwa na kazi yake ya kushona sare ikipungua, aende aone Kigali, arudi. Sitaki anisubiri. Nataka achoke na barabara kama mimi."

Wavinya alikuwa analia sasa, bila sauti, bila kujificha. Mama Kalekye hakumwangalia. Alikuwa anaangalia vikapu, kile kikubwa cha chini, halafu cha juu yake, halafu cha juu ya hicho, na midomo yake ilikuwa inacheza kama mtu anayesoma.

Halafu akakunja miguu. Akaikunjua. Akaikunja upande mwingine.

"Hii chai," akasema, "na ile ya kanisa."

"Mwaitu?"

"Choo kiko wapi?"

Wavinya alipangusa macho kwa kiganja. Hakujua kama acheke au akimbie. "Ndicho hicho."

"Hicho kipi?"

"Kile alimo yeye."

Mama na binti waliangaliana. Ndani ya bafu hata maji yaliacha kudondoka.

"Kwa jirani?" mama akauliza.

"Ameenda mazishini. Labda chini, kwa wauza nyama."

"Mimi! Mwenyekiti wa akina mama! Nigonge kwa wauza nyama niombe choo?" Alisimama, akakaa haraka kwa sababu kusimama kulizidisha mambo. "Mwambie atoke."

"Hatatoka ukiwa unaangalia, Mwaitu. Umemsikia."

"Atoke tu, anipe mkono, apite!"

"Mkono sitoi, mama, nisamehe," Mbuvi akasema kutoka ndani, kwa huzuni ya kweli. Ni mara ya kwanza alisahau kumtuma Wavinya.

Mama Kalekye aliangalia mlango wa bafu. Aliangalia mlango wa nje. Mtu mwingine angesema alishindwa na chai, na labda huo ndio ukweli wote. Lakini Wavinya alikuwa karibu, na aliona kwamba kabla hajasimama, mama yake aliinua mkono akagusa kikapu kikubwa cha chini, kidogo tu, kwa ncha za vidole, kama unavyogusa sufuria kujua kama ni ya moto.

Alifungua leso kiunoni. Akajitanda kichwani mpaka usoni. Akageukia ukuta, akasimama amevipa vikapu uso na chumba mgongo, mwanamke mnene mdogo chini ya maua ya kitambaa.

"Mwambie mkwe apite," akasema. "Na apite haraka, mimi ni mtu mzima."

Komeo likafunguka. Mbuvi alitoka ameinama, macho sakafuni, nyundo nyuma ya mgongo kama mtoto aliyevunja kitu. Maji yalikuwa yamemlowesha bega moja. Ilikuwa apite tu, hatua chache hadi mlangoni. Lakini alipofika mbele ya Wavinya miguu yake ilikataa. Akainua macho. Wavinya naye akainua yake. Hawakugusana. Hawakuhitaji. Alikuwa na chokaa kwenye nyusi na alama ya misumari kwenye mdomo, na Wavinya hakuwahi kuona mwanamume mzuri hivyo tangu azaliwe.

"Kupita si kusimama!" ikasema leso.

Mbuvi akatoka. Mlango wa nje ukafungwa, na mama akaingia bafuni kwa kasi ambayo kanisa halijawahi kuiona.

Wavinya alibaki katikati ya chumba. Dirisha lilikuwa bado na grili, ukuta wa jirani ulikuwa bado pale pale. Akamweka mamba juu ya televisheni.

Mama Kalekye alipotoka alikuwa amejifunga leso kiunoni tena na uso wake umerudi kuwa wa mwenyekiti. Hakukaa. Alichukua kiondo, akamimina ndengu zote kwenye sufuria iliyokuwa karibu na jiko, akaenda mpaka mlangoni, akaufungua. Pale aliinama, akaokota viatu viwili vikubwa vya ngozi vilivyokuwa vimesimama kando ya kandambili za Wavinya.

"Mpelekee. Amekwenda miguu mitupu kwenye ngazi ya saruji."

Wavinya aliviangalia vile viatu, damu ikamwenda usoni. Katika mbio zote zile hakuna aliyevikumbuka. "Mwaitu... uliviona saa ngapi?"

"Nilivikanyaga nikiingia."

"Kwa hiyo ulijua. Muda wote."

"Mtu wa Lusaka angeenda na viatu vyake." Alimwekea viatu mikononi. "Nilitaka nione atatoka au atakaa. Angetoka kunisalimia, ningemsalimia vizuri sana. Na kesho ungevaa ile gauni ya kijani, ukampokea Kyule."

"Na Kyule sasa?"

"Kyule ni wa kwangu, mimi ndiye niliyemwita. Nitapita dukani kwake nimwambie mimi mwenyewe, na nitaona haya, na nitarudi nyumbani." Akahamisha kiondo kitupu kutoka bega moja hadi jingine. "Nyumba itakuwa kubwa. Labda utaniletea kikapu."

Wavinya alimkumbatia, viatu na vyote. Mama alivumilia kidogo, kisha akamsukuma.

"Nenda. Mimi siwezi kushuka kabla yake, nitamkuta. Mwambie aende mbali, mpaka ng'ambo ya soko."

Mbuvi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, nyundo magotini, nyayo zake juu ya saruji ya moto. Aliposikia hatua aliruka, tayari kukimbia. Alipoona ni Wavinya, na viatu vyake mkononi, uso wake ulitaka kuuliza mambo mengi mpaka ukashindwa lianze lipi.

"Amesema nini?"

Wavinya alipiga magoti mbele yake, akaweka viatu karibu na miguu yake, kimoja baada ya kingine. Alikuwa anacheka na machozi bado yanashuka.

"Amesema ulete mbuzi," akamjibu. "Na usionekane."